Tairi Pana, Tairi Jembamba: Gari Lako Linataka Lipi?

Tangu Safari Rally irudi kwenye kalenda ya mashindano ya dunia mwaka 2021, magari yanayotimua vumbi Naivasha hufungwa matairi ya upana wa milimita 205 kwenye rimu ya inchi 15. Ni upana ambao mtu ataukuta chini ya gari la kawaida kabisa la familia. Magari hayohayo yakihamia mashindano ya lami huko Ulaya, hufungwa matairi ya milimita 235 kwenye rimu ya inchi 18. Na kwa miaka mingi, yalipokwenda kukimbia juu ya theluji na barafu ya Sweden, yalivalishwa matairi membamba yenye misumari. Gari ni lilelile na dereva ni yuleyule. Kama tairi pana lingekuwa bora kila mahali, timu zenye fedha za kiasi kile zisingeshindwa kulinunua.

Mitaani hesabu ni nyingine. Kwenye maduka ya matairi ya Kariakoo na Ilala, Dar es Salaam, au kando ya Kirinyaga Road, Nairobi, kijana aliyenunua gari lake la kwanza mara nyingi huwa na ombi moja: awekewe "pana". Pana lina heshima yake. Linajaza madigadi, linaifanya Mark X au Altezza ionekane imetulia, na gari likipigwa picha kwa nyuma linavutia. Swali lisilosikika sana pale kaunta ni gari hilo linapita wapi. Ni lami ya Mikocheni tu, au kila mwisho wa mwezi linakwenda Handeni kusalimia wazazi?

Tamaa ya upana haikuanzia kwa vijana wa leo. Corolla ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1966 ikiwa na injini ya cc 1,077 na uzito wa kilo 700 na ushee, ilitembelea matairi ya 6.00-12, yaani upana wa inchi 6, kama milimita 152. Golf ya kwanza, ya mwaka 1974, ilikuja na matairi ya milimita 145 au 155. Leo ndugu zao wapya hutoka kiwandani na 205 au 225. Magari yamenenepa, injini zimeongezwa nguvu, mwendo umepanda, na matairi yakafuata. Lakini barabara za dunia nzima hazikubadilika kwa kasi hiyo, na za vijijini kwetu hazikubadilika hata kidogo.

Namba za ubavuni

Chukua tairi la 195/65R15 91H, saizi iliyoenea sana kwenye Premio, Allion na Noah. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita, kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Namba 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, hivyo ubavu wake una karibu milimita 127. Herufi R inaeleza jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 91 ni uwezo wa kubeba mzigo, kilo 615 kwa kila tairi, na H ni ruhusa ya mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa.

Jibu la swali la upana, kwa gari ambalo halijachezewa, limebandikwa kwenye gari lenyewe. Ukifungua mlango wa dereva wa gari lililotoka Japani, utaona kwenye nguzo ya mlango stika ndogo ambayo wengi hawajawahi kuisoma. Maandishi ni ya Kijapani, lakini namba hazihitaji mkalimani: saizi ya tairi, na pembeni yake upepo, kwa mfano 230, kisha kwenye mabano 2.3. Hizo 230 ni kPa. Kipimo cha fundi wa mtaani husoma psi, kwa hiyo gawa kwa 6.9 upate 33. Stika hiyo imetokana na majaribio ya kiwanda kilichojua uzito wa gari, nguvu ya breki, ugumu wa shokapu na nafasi iliyopo ndani ya madigadi. Anayetaka kwenda kinyume nayo anaruhusiwa, mradi ajue anabadilisha nini.

Upana unabadilisha nini hasa

Wengi huamini kwamba tairi pana linaikanyaga barabara kwa eneo kubwa zaidi. Kwa kiasi kikubwa si hivyo. Kinachobeba gari ni upepo uliomo ndani ya tairi. Noah yenye abiria wachache, ikiweka kilo kama 400 juu ya kila tairi lenye upepo wa kPa 230, inahitaji takriban sentimita 170 za mraba za mpira chini ya kila gurudumu. Hapo hatuzungumzii zaidi ya kiganja cha mtu mzima na vidole vyake. Ukiondoa 195 ukaweka 225 bila kugusa upepo, eneo hilo hubaki karibu vilevile. Kinachobadilika ni umbo lake.

La tairi jembamba ni refu kufuata uelekeo wa gari. La tairi pana ni fupi, ila limesambaa kushoto na kulia. Ugumu wa ubavu huivuruga hesabu hii kidogo, lakini mwelekeo ni huo, na mengi yanayofuata hapa yanatokana na umbo hilo.

Kwenye lami kavu, pana linashinda. Gari linapokata kona, mpira unaogusa chini huvutwa kwa upande, na sehemu iliyo fupi na pana hupindika kidogo kuliko iliyo ndefu na nyembamba. Joto nalo hugawanyika kwenye mpira mwingi zaidi, jambo linalowapa watengenezaji nafasi ya kutumia mpira laini wenye kushika. Mercedes C-Class ya kizazi cha W204 ni mfano mzuri: baadhi ya matoleo yake hutembea na 225/45R17 mbele na 245/40R17 nyuma, kwa sababu magurudumu ya nyuma ndiyo yanayopokea nguvu ya injini.

Faida hiyo, hata hivyo, huonekana gari linapofikishwa karibu na mwisho wa uwezo wake. Aliyekwama kwenye foleni ya Mwenge hataihisi. Na tairi pana la bei ya kutupa, lenye mpira mgumu, linaweza kuchelewa kusimama kuliko tairi la kawaida lenye mpira mzuri.

Masika yakianza

Mvua ikishuka, mizani inageuka. Tairi lina kazi ya kusukuma maji pembeni ili mpira uikute lami. Lisipowahi, maji hujikusanya mbele yake, kisha huingia chini yake na kulinyanyua. Hapo usukani unakuwa mwepesi ghafla, breki hazina cha kushika, na dereva anabaki abiria.

Mwaka 1963, Walter Horne na mwenzake wa shirika la anga la Marekani, NASA, waliokuwa wakichunguza matairi ya ndege, walichapisha kanuni ambayo madereva wa magari wameirithi. Kanuni hiyo hukadiria mwendo ambao tairi huanza kuelea juu ya maji yaliyozidi kina cha mifereji yake, na kinachoamua zaidi humo ni upepo. Kwa hesabu yake, tairi lenye psi 33 huanza kuelea karibu na kilomita 96 kwa saa. Lilelile likiachwa likashuka hadi psi 22, huanza karibu na kilomita 78. Ni makadirio tu, lakini yanatosha kumfanya mtu asimame kituo cha mafuta kupima upepo kabla ya safari.

Utafiti uliofuata, ukiwemo wa Horne mwenyewe katika miaka ya 1980, uliongeza jambo la pili: umbo la sehemu inayogusa barabara. Tairi pana lenye mguso mfupi lina maji mengi zaidi ya kufagia mbele yake na njia ndefu zaidi ya kuyatoa pembeni. Tairi jembamba hukata maji. Ukilinganisha matairi mawili ya ubora mmoja, yenye upepo mmoja na mifereji ya kina kimoja, lililo pana ndilo litakaloelea mapema.

Kwa msafiri wa barabara ya Dar es Salaam–Morogoro au Nairobi–Nakuru wakati wa masika, hili si somo la darasani. Malori yenye mizigo mizito huikandamiza lami ikabaki na mabonde mawili marefu, na mvua ikinyesha maji hutuama humohumo magurudumu yanamopita. Gari dogo jepesi lililovalishwa matairi mapana huwa la kwanza kuyumba hapo. Tairi pana lililokwisha meno ni hatari maradufu. Ndani ya mifereji ya kila tairi kuna vinundu vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6; uso wa tairi ukilingana na vinundu hivyo, limekwisha, na kulingoja lifike kipara ni kujitafutia msiba.

Vumbi, mashimo na ubavu

Lami ikiisha, upana wenyewe unapungua umuhimu na ubavu unachukua nafasi yake. Mambo haya mawili hayatengani, kwa kuwa anayeongeza upana mara nyingi huongeza na rimu, na ili gurudumu zima lisipite kimo chake, ubavu ndio unaokatwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Gurudumu la 195/65R15 lina kipenyo cha milimita 634. La 205/55R16 lina 632, na la 225/45R17 lina 634. Kwa nje yote matatu yanalingana, na spidomita haitaona tofauti. Lakini ubavu umeshuka kutoka milimita 127 hadi 113, kisha 101. Sentimita mbili na nusu za mpira na hewa zimeondoka, na nafasi yake imechukuliwa na chuma.

Tofauti hiyo hujitokeza gari linapoangukia shimo lenye kingo kali. Ubavu mrefu hujikunja, ukameza pigo na kurudi. Ubavu mfupi hubanwa kati ya ukingo wa shimo na rimu, nyuzi za ndani zinakatika, na baada ya siku mbili tatu tairi linaota uvimbe ubavuni. Uvimbe huo hauzibiki. Fundi mwaminifu atakwambia utoe tairi. Rimu nayo huenda imepinda, na pigo lililobaki limekwisha kupokewa na shokapu, bushi na mikono ya usukani. Matuta ya rasta tu, yanayopangwa kabla ya vivuko na vijiji, yanatosha kumwonyesha abiria wa kiti cha nyuma tofauti ya 65 na 45.

Kwa barabara za changarawe, tairi la upana wa kiwandani lenye ubavu mrefu ndilo chaguo la kwanza. Mbali na kumeza mawe, jembamba hupenya tabaka la kokoto zilizolegea na kufika kwenye ardhi ngumu, ilhali pana huelekea kupanda juu yake na kuteleza. Bila shaka ni moja ya sababu za Naivasha kuwa na 205 na si 235.

Tope na mchanga

Hapa ndipo wataalamu wa vijiweni hugombana, na kila upande una ukweli wake. Tope la njia ya kijijini, lile la juu laini na chini gumu, linataka tairi jembamba lenye meno marefu. Litakata hadi kwenye ugumu na kushika. Ndiyo siri ya Land Cruiser za 70 Series zinazotumiwa na hospitali za misheni, mashirika ya misaada na watu wa mbugani. Nyingi hutoka na tairi la 7.50R16, refu na jembamba kuliko anavyotarajia mtu kuliona chini ya gari kubwa hivyo. Wageni huliona la kizamani. Wenyeji wanaoingia Ngorongoro au Loliondo wakati wa mvua hawana haraka ya kulibadilisha.

Historia ya mbio za magari Afrika Mashariki inafundisha jambo lilelile. Safari ya mwaka 1968 ilipigwa na mvua na tope kiasi kwamba ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. La kwanza lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Miaka miwili iliyotangulia, 1966 na 1967, Bert Shankland wa Dar es Salaam alikuwa ameshinda kwa 404 pia. Gari hilo lilitoka kiwandani na matairi ya milimita 165. Ushindi haukuletwa na matairi peke yake, kwa kuwa 404 ilikuwa ngumu na wenyewe waliijua njia. Hata hivyo, hakuna aliyesema Peugeot ilikwama kwa kukosa upana.

Udongo mweusi wa mbuga ni habari nyingine. Ukilowa, hauna ugumu wa karibu chini yake. Tairi jembamba hushuka mpaka tumbo la gari likalala, na tairi pana hukaa juu lakini huteleza kama linavyotaka. Hapo meno ya tairi na subira ya dereva ni muhimu kuliko milimita. Anayejua eneo husubiri jua litoke.

Mchanga ndio uwanja halali wa tairi pana, kwa sababu humo hakuna cha kukata. Kinachotakiwa ni kuelea. Lakini hata kwenye mchanga, silaha ya kwanza haiuzwi dukani. Madereva wa jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, na Waswahili wa Oman wanaopanda vilima vya mchanga vya Wahiba mwisho wa juma, huanza kwa kupunguza upepo: kutoka psi 32 au 35 hadi 18, wengine 15. Tairi hulala, na mguso wake hurefuka zaidi kuliko unavyopanuka. Land Cruiser yenye tairi la kawaida iliyopunguzwa upepo hupita pale ambapo yenye tairi pana lililojazwa imezama.

Sharti ni moja. Ukirudi kwenye lami, jaza upepo kabla ya kukimbia. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila mzunguko, hupata joto kali, na joto ndilo linalopasua matairi.

Mzigo hauangalii upana

Kosa linalogharimu wafanyabiashara wengi ni kudhani kwamba tairi pana hubeba zaidi. Linganisha matairi mawili yenye upana uleule wa milimita 195. La gari dogo, 195/65R15 lenye namba 91, hubeba kilo 615. La Hiace, 195/80R15 lenye namba 107/105, hubeba kilo 975 likiwa moja upande mmoja wa ekseli. Upana haukuongezeka hata milimita moja. Kilichoongezeka ni kimo, nyuzi na upepo linaoruhusiwa kubeba.

Probox inathibitisha jambo hilo kila alfajiri kwenye masoko ya Kenya. Gari hilo, ambalo kiwanda kiliruhusu libebe mzigo wa kilo 400, limetoka Japani kwa miaka kadhaa likiwa na tairi jembamba la 155/80R14 lenye namba 88/86, la daraja la magari ya mizigo, lenye uwezo wa kilo 560. Mwenye Probox anayelibadilisha kwa tairi la abiria kwa sababu ni la bei nafuu, hata likiwa pana zaidi, anaweza kuwa amepunguza uwezo bila kujua. Tairi la abiria la 155/80R13 lenye namba 79, kwa mfano, mwisho wake ni kilo 437. Kwa daladala, matatu na magari ya mirungi au mchicha, namba ya kwanza ya kusoma ni ya mzigo, ndipo ifuate ya upana.

Mafuta na mifumo ya gari

Tairi pana huwa zito zaidi, husukuma hewa nyingi zaidi na kwa kawaida huviringika kwa shida kidogo. Gharama yake hulipwa kwenye pampu ya mafuta. BMW ilipotengeneza gari lake la umeme la i3 mwaka 2013, ilitaka kila kilomita inayopatikana kwenye betri, na ikaamua kulifunga tairi la mbele la 155/70R19: kipenyo kikubwa, upana mdogo. Mwenye IST inayotembelea 185/65R15, akiweka 205 kwa ajili ya muonekano tu, anaelekea upande wa pili.

Kimo cha gurudumu kikibadilika, na spidomita hudanganya. Anayeondoa 195/65R15 akaweka 205/65R15 amepandisha kipenyo hadi karibu milimita 648, asilimia 2 zaidi. Mshale ukisoma 100, gari linakwenda 102. Ni tofauti ndogo, ila ukizidisha makosa ya namna hiyo, tochi ya trafiki haitasikiliza maelezo. Wanaojua kazi hii hawapitishi tofauti ya asilimia 3.

Rimu nayo ina mipaka. Tairi la 195/65R15 limeruhusiwa kukaa kwenye rimu yenye upana wa inchi 5.5 hadi 7. La 225/45R17 linataka inchi 7 hadi 8.5. Tairi pana likilazimishwa kwenye rimu nyembamba, uso wake huvimba katikati na kulika hapo, na gari hupepesuka kwenye kona. Usukani ukikatwa hadi mwisho na mpira ukasikika unasugua madigadi au shokapu, gari limekwisha kukataa. Maspesa ya kusukuma gurudumu nje huondoa msuguano huo kwa kuiongezea beringi mzigo ambao haikuumbiwa.

Wenye Forester, X-Trail na magari mengine yanayosukumwa kwa magurudumu yote wana tahadhari ya ziada. Magari haya yanataka matairi yote manne yawe ya saizi moja na yaliyochakaa kwa kulingana. Ukifunga mapana mawili na ya kawaida mawili, mizunguko inatofautiana, na mfumo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma hufanya kazi bila kupumzika hadi uungue. Bei ya kuukarabati inazidi kwa mbali ile ya matairi manne.

Waliohamia nchi za baridi hukutana na somo hilihili kwa sura nyingine. Wakongo na Warundi wa Québec, Kanada, hulazimika kisheria kufunga matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, na mafundi wengi wa huko hushauri saizi nyembamba kwa hatua moja miongoni mwa zile kiwanda kinazoruhusu. Jembamba hukata theluji na kufika kwenye lami, kama linavyofanya kwenye tope la Lushoto.

Uamuzi wa kaunta

Anayeishi na gari lake kwenye lami ya mjini, anayependa mwendo na asiyechoka kukwepa mashimo, anaweza kuongeza hatua moja, mathalani kutoka 195/65R15 hadi 205/55R16, mradi namba ya mzigo isishuke na kipenyo kibaki palepale. Anayeenda kijijini kila mara na abaki kwenye upana wa stika na rimu ya kiwandani. Mwenye gari la mzigo atafute tairi la daraja la mizigo, na upana aukubali ulivyo. Mwenye Land Cruiser la shamba hana sababu ya kuionea haya 7.50R16. Na wa mchangani anunue pampu ndogo ya upepo na kipimo kabla ya kufikiria matairi mapana.

Matoleo ya gari moja hutofautiana. Noah za kawaida zina 195/65R15, lakini zile za muundo wa kimichezo zilitoka na 205/60R16. Saizi zote mbili ni za kiwandani, na anayetaka upana kidogo amepewa njia hiyo bila kubahatisha. Kabla ya kumsikiliza muuzaji, inafaa kuuliza toleo la juu la gari lako lilitoka na nini. Huo ndio upana mkubwa zaidi ambao wahandisi waliubariki.

Na fedha iliyotengwa kwa ajili ya milimita 30 za ziada ingefanya kazi kubwa zaidi ikinunua tairi bora la saizi ileile, pamoja na alaimenti na balansi. Ukifika dukani, inama utafute ubavuni neno DOT na namba nne zinazofunga mstari wake: 3223 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2023. Ukiletewa tairi linaloitwa jipya huku namba zikisema 2017, mrudishie mwenye duka, hata kama upana wake ndio hasa uliokuwa unautafuta.